Yusuf bin Hasan: Kijana aliyeiteka Fort Jesus kwa kupitia mlangoni

Najua umeiona ile video. Ukuta wa mawe juu ya milima ya Peru, jiwe limekaa juu ya jiwe bila saruji, na sauti ya jamaa inakuambia hata wembe haupiti katikati. Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla Wahispania hawajafika, walijenga Machu Picchu katika karne ya 15 bila zana za chuma wala gurudumu. Ukabaki mdomo wazi, ukaituma kwenye kundi la WhatsApp. Sikulaumu, hata mimi niliituma.

Sasa nikuulize. Hapa kwetu kisiwani kuna ukuta pia, unaupita kila ukiingia Mji wa Kale. Unakijua nini kuuhusu? Ulipelekwa na shule ukiwa mdogo, ukapanda juu ya mzinga ukapigwa picha, ukanunua muhogo wa kukaanga hapo nje, mkarudi nyumbani. Basi. Na ukiulizwa leo ni nani aliwahi kuiteka Fort Jesus, utasema Waarabu wa Oman, halafu utanyamaza.

Kabla ya Waomani kulikuwa na kijana mmoja. Alikuwa na miaka 24 hivi. Hakuvunja ukuta, wala hakuleta ngazi. Aliingia kwa mlango, akiwa anajulikana, akiwa na vyeo vyao kifuani. Jina lake Yusuf bin Hasan, na leo nataka nikuhadithie maisha yake.

Usinichukue kama profesa. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Lakini muda ninao, na Fort Jesus iko dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu.

Tuanze na ukuta wenyewe, manake bila kuuelewa ukuta hutamwelewa Yusuf.

Wareno walifika hapa mara ya kwanza mwaka 1498 na Vasco da Gama. Mwaka 1505 wakarudi na Francisco de Almeida, wakaupora mji na kuuchoma moto. Mombasa ilikuwa kichwa ngumu, ikichomwa inajengwa tena. Mwishowe wakaona dawa ni kujenga ngome na kukaa humo humo. Kazi ikaanza mwaka 1593, ikaendeshwa kwa ramani ya Mtaliano wa Milan, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mjenzi mkuu wa ngome za Wareno huku Mashariki.

Cairati hakuleta mlima, aliutumia uliokuwepo. Pale kwenye mdomo wa bahari palikuwa na mwamba wa matumbawe. Mwamba huo huo ukachongwa ukawa msingi na sehemu ya chini ya kuta, na mawe yaliyochimbwa kwenye handaki yakapanda juu kuwa ukuta. Ukitembea upande wa nje leo utaona: chini ni mwamba uliochongwa, juu ni mawe na chokaa. Wainka nao walifanya hivyo hivyo kule kwao, wakianza na mwamba wa mlima halafu ukuta unaendelea juu yake kama vile uliota hapo.

Na umbo lake si la kubahatisha. Ukiitazama kutoka juu, Fort Jesus inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Wajenzi wa Ulaya wa zama hizo waliamini mwili wa binadamu ndio kipimo kamili cha jengo. Lakini urembo ulikuwa na kazi. Zile pembe nne zinazochomoza ziliwekwa ili mzinga wa pembe moja uweze kulinda ukuta unaoelekea pembe nyingine. Adui akikimbilia chini ya ukuta kujificha, kumbe amejileta. Hakuna pa kujibanza.

Kwa hiyo Cairati alimfikiria adui wa baharini, akamfikiria adui wa nchi kavu, akamfikiria hata yule atakayeambaa na ukuta. Adui mmoja tu hakumfikiria. Huyo alikuwa hajazaliwa bado.

Ngome iliposimama, Wareno walihitaji mfalme wa kuutuliza mji. Ukoo wa zamani wa Mombasa, ule unaojulikana kwa jina la Shehe Mvita, ulikuwa umefikia mwisho. Wakamleta rafiki yao, Sultani Ahmad wa Malindi, wakamkalisha hapa. Malindi ilikuwa imepatana na Wareno tangu siku za da Gama, wakati Mombasa ilikuwa ikipigana nao. Sasa fikiria: mji umepigwa, halafu anayekuja kuutawala ni jirani aliyekuwa upande wa waliokupiga. Shikilia hilo kichwani, litarudi.

Baada ya Ahmad akatawala mwanawe, Hasan. Huyu ndiye baba yake Yusuf. Mwanzoni urafiki ulikuwepo, lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye nayo haukai. Makapteni wa ngome walikuwa wafanyabiashara pia, kila mmoja akitaka kuchuma kabla muda wake haujaisha. Ushuru wa bandari, pembe za ndovu, mapato ya sultani, yote yakawa ugomvi. Mwaka 1614 Hasan akaona maisha yake yako hatarini, akavuka kwenda bara, upande wa Rabai, kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Hao ni katika wazee wa Wamijikenda wa leo. Mji na bara walikuwa wakitegemeana siku zote. Nafaka na pembe zilitoka bara, nguo zilitoka mjini.

Wareno nao walikuwa na nguo. Walilipa, na Hasan akauawa huko huko alikokimbilia. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno kule India.

Yusuf alikuwa na miaka saba hivi. Naye akapelekwa Goa.

Hebu soma mstari huo tena, usiupite haraka. Kichwa cha baba kilitangulia, mtoto akafuata, mji ni ule ule.

Goa hawakumtupa jela. Walifanya kitu cha akili zaidi. Walimkabidhi kwa mapadri wa shirika la Augustino, wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza. Jina lake likawa Dom Jerónimo Chingulia. Akajifunza Kireno kama Mreno. Akakua, akahudumu kwenye meli zao za kivita, akajua mizinga inavyofanya kazi. Akaoa mke Mkristo huko huko. Akapewa na cheo cha heshima katika mashujaa wa mfalme wa Ureno. Kila kitu ambacho mtoto wa kigeni angeweza kupewa, alipewa.

Mwaka 1626 wakamrudisha nyumbani, akiwa mfalme wa Mombasa na Malindi. Mwaka uliofuata jina lake likatumwa Roma, kwenye barua ya utii kwa Papa Urban VIII. Kwa Wareno hesabu ilikuwa imekamilika. Walikuwa na ngome ya mawe, na sasa walikuwa na mfalme waliyemjenga wenyewe kama walivyoijenga ngome.

Lakini wewe mwenyewe unaijua Mombasa. Mtu akirudi kutoka ng'ambo baada ya miaka kumi na zaidi, watu wanamwangalia viatu kabla hawajamwangalia uso. Yusuf alirudi na nguo za Kireno, jina la Kireno na mke wa Kikristo, kwenye mji ambao msikiti wa Mandhry ulikuwa tayari umesimama tangu 1570. Unaadhiniwa, watu wanaingia, mfalme haingii. Kwa watu wa mji alikuwa Mreno mweusi. Kwa wazee wa Mombasa zaidi ya hapo alikuwa mtu wa Malindi, mjukuu wa aliyeletwa. Na kwa Wareno wa ngomeni? Kwao alikuwa mtoto wa msaliti aliyefunzwa adabu. Kapteni mpya, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau bila kujificha.

Mimi mambo ya Goa siyajui kwa maisha yangu, lakini hisia ya kurudi mtaani ukiwa umeondoka kwenda kuwa mtu, halafu huku si wao na kule si wao, hiyo naijua kidogo. Pengine hata wewe.

Kitu kimoja hakikubadilishwa na Goa. Baba yake alikuwa amelala hapa, mwili bila kichwa. Yusuf akaanza kwenda kaburini usiku. Na pale kaburini hakuomba kama Dom Jerónimo. Alimwombea baba yake kama Muislamu anavyomwombea mzazi wake.

Akaonekana. Habari zikafika kwa kapteni.

Leo utasema, sasa kuna kosa gani mtu kumwombea babake? Enzi zile kosa lilikuwepo, tena kubwa. Goa ilikuwa na mahakama ya Kanisa iliyowahukumu watu waliobatizwa kisha wakarudi kwenye dini zao za zamani. Aliyepatikana na hatia aliweza kuchomwa moto. Kapteni akapanga kumrudisha Yusuf Goa akashtakiwe. Yusuf akapata habari mapema. Kwa hiyo mbele yake palikuwa na safari ya pili kwenda mji ule ule, na mara hii huenda asirudi.

Agosti 16, 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mfalme akaenda ngomeni kumtembelea kapteni. Akiwa na watu wake. Mlinzi gani angemzuia? Ni mfalme, anaitwa Dom Jerónimo, anaongea Kireno, anajua njia. Akapita lile lango, akapanda lile korido lenye giza ambalo wewe hupiga picha, akamfikia kapteni, akamuua kwa jambia. Watu wake wakaifuata ishara. Ngome iliyopangwa kustahimili meli za kivita ikaanguka kwa ziara ya salamu.

Pale alipolitupa jina la Jerónimo, akawa Yusuf tena.

Sasa tukifika hapa, wengi wa mtaani hupenda hadithi iishie. Shujaa, mkoloni, kisasi, makofi. Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya. Wareno waliokuwa wakiishi mjini, nje ya ngome, walikimbilia kwenye nyumba ya mapadri. Walijisalimisha. Katika siku zilizofuata waliambiwa waslimu, na waliokataa wakauawa. Hawakuwa askari peke yao. Walikuwemo mapadri, wanawake, watoto, na Waafrika wa hapa hapa waliokuwa wamebatizwa kama yeye alivyobatizwa. Waliokufa walikuwa zaidi ya mia moja. Kanisa kule Goa lilikusanya ushahidi wa viapo kuhusu vifo vyao, na wengine hadi leo huwaita mashahidi wa Mombasa.

Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka saba, alipopata nguvu, hakuwahurumia watoto wengine. Hilo ni sehemu ya maisha yake. Si haki kuliondoa ili picha ipendeze ukutani. Ninaweza kuelewa kilichomfikisha hapo bila kukipigia makofi, na nadhani wewe pia unaweza.

Wareno hawakukaa kimya. Januari 1632 meli zikaja kutoka Goa na jeshi la watu kama elfu moja, likiongozwa na Francisco de Moura. Na hapa ndipo utacheka kidogo. Kuta walizojenga wao, pembe walizopima wao, mizinga waliyoileta wao, vyote sasa vilikuwa vinawatazama. Na aliyekuwa ndani walikuwa wamemfundisha wenyewe kupiga mizinga. Walihangaika kwa majuma kadhaa, wakakutana na risasi na mishale, na mwezi Machi wakageuza tanga wakaondoka bila ngome. Wakaacha meli chache kufunga njia ya baharini.

Cairati alikuwa amefanya kazi nzuri mno, wallahi.

Lakini ngome si chakula, na ukuta hauwezi kukuletea marafiki. Miji kadhaa ya pwani ilikuwa imeamka pamoja na Yusuf, ila hakuna dola kubwa iliyokuja kusimama naye. Bahari ilikuwa ya Wareno, na wangerudi tu. Na ndani ya mji wenyewe, kumbuka nilichokwambia ushikilie: yeye alikuwa mtu wa Malindi, wa ukoo ulioletwa, aliyeondoka mtoto akarudi mgeni. Kumpiga Mreno kulimpa sifa. Sijui ukoo wa kusimama nao unapatikanaje kwa miezi tisa.

Mei 1632 akafanya uamuzi. Akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga kwenye meli aliyoiteka, akaondoka. Agosti mwaka huo Wareno wakarudi wakakuta magofu. Yusuf akaendelea baharini miaka mingine, akizishambulia meli za Wareno kuanzia huku kwetu mpaka Bahari ya Shamu. Mwaka 1638 akafia Jeddah. Alikuwa na miaka kama 31. Alizaliwa kuwa mfalme, akafa baharia asiye na bandari.

Turudi kidogo kwenye ile milima ya Peru. Karibu miaka mia moja kabla ya Yusuf, Wahispania walimuua mfalme wa Wainka, Atahualpa, mwaka 1533. Wakamweka kijana wa ukoo ule ule, Manco, wakidhani wamepata mfalme wa mfukoni. Wakamtesa na kumdhalilisha. Wainka waliamini mfalme aliyekufa hajaondoka: miili yao ilikaushwa, ikavishwa, ikaletwa kwenye sherehe kama wangali hai. Mwaka 1536 Manco aliwaomba Wahispania ruhusa atoke mji wa Cusco kwa ibada, akaahidi kuwaletea sanamu ya dhahabu ya baba yake. Tamaa ikawafumba macho, wakamruhusu. Alirudi na jeshi, na watu wake wakaishika Sacsayhuamán, ngome ya mawe makubwa iliyo juu ya mji. Naye hakushinda mwishowe. Alirudi nyuma hadi misitu ya Vilcabamba, akauawa huko miaka michache baadaye.

Wawili hawa hawakujuana hata kwa ndoto. Lakini tazama njia yao. Kila mmoja aliwekwa na wageni, kila mmoja alidharauliwa na waliomweka, na kila mmoja alifungua mlango kwa jina la baba aliyekufa. Watawala wale walipima mawe vizuri sana. Walichokosea kupima ni mtoto anakumbuka nini.

Sasa jambo la mwisho, halafu nikuache.

Baada ya Yusuf kuondoka, Wareno waliijenga upya ngome. Aliyesimamia alikuwa kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Juu ya lango kuna jiwe lake lenye maandishi ya Kireno, lipo mpaka leo. Linasema alikuwa kapteni mwaka 1635, akiwa na miaka 27, kwamba aliijenga upya ngome hii, na kwamba aliirudisha kwenye utii miji ya pwani iliyokuwa imeasi pamoja na mfalme wao dhalimu.

Mfalme dhalimu. Jina hakuna.

Vijana wawili, mmoja wa miaka 24, mwingine 27. Umri wako huo, au wa kaka yako. Mmoja aliandikwa kwenye jiwe, mwingine akafanywa tusi kwenye jiwe hilo hilo. Na jiwe lenyewe halikuwasaidia sana Wareno, manake mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, ngome ikachukuliwa na Waomani. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela hadi 1958, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO.

Sikuombi umfanye Yusuf malaika. Nimekwambia aliyoyafanya, mazuri na mabaya. Ninachokuomba ni kidogo. Siku ukipita na mdogo wako, au na mgeni kutoka bara anayetaka picha, msimamishe pale langoni. Mwonyeshe jiwe la Cabreira. Mwambie huyu aliyeandikwa hapa ni mfalme fulani bila jina, lakini jina alikuwa nalo, tena mawili, na alikufa na lile alilopewa na baba yake.

Halafu ndio mkanunue muhogo.